Nusu ya Kazi ni Upepo: Mazungumzo na Waongozaji Vijana wa Arabuko-Sokoke

Maneno haya yalisemwa Malindi, mbele ya vijana wanaojifunza kazi ya kuongoza wageni msituni. Yamenyooshwa kidogo ili yasomeke, lakini mzaha umeachwa pale ulipokuwa.

Asalaam aleikum. Hamjambo nyote. Mwenyekiti, wazee wetu mliokaa mbele, kaka na dada mnaojifunza kazi, ahsanteni kwa kunikaribisha.

Juzi mlifundishwa majina ya ndege, jana huduma ya kwanza, na leo ameletwa mzee kuwaambieni kwamba mnanuka. Nimeona mlivyotazamana mliposoma ratiba. Basi ni kweli, mnanuka. Mimi nanuka, na mgeni wetu wa heshima hapa mbele, kwa adabu zote, naye ananuka. Pua zetu ni dhaifu, ndiyo maana tumekaa humu ndani kwa amani. Paa aliyeko msituni hana udhaifu huo, na kazi yenu ni kumpeleka mgeni aliyelipa pesa yake akamwone paa huyo kabla paa hajamnusa mgeni.

Mtashangaa nikianza mbali. Watu waliohangaika na jambo hili kuliko wote siku hizi ni wawindaji wa kulungu wa Marekani. Kule kuna kulungu mwenye mkia mweupe, ambaye akishtuka huinua mkia wake kama bendera na kutokomea. Huwindwa kwa kibali, kwa msimu maalumu, na mwenye upinde huhitaji kumfikia karibu sana, mita ishirini au thelathini hivi. Kwa umbali huo, mwindaji hashindani na macho ya kulungu wala masikio yake. Anashindana na pua. Wazungu wale wameandika, wamebishana, wamenunua na wamejuta kwa sababu ya pua ile, na sisi tunaweza kuokota faida bila kulipa.

Kabla hamjaninong'onea: najua nchi niliyosimama. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977, na Sheria ya Wanyamapori ya mwaka 2013 haina mzaha na anayekamatwa na nyama ya paa. Hapa silaha yetu ni darubini na kamera. Lakini kwa mnyama, mtu anayenyatia na upinde na mtu anayenyatia na kamera wananuka sawasawa.

Tuanze na mwili wenyewe, kwa sababu watu wengi wanaelewa vibaya. Wanadhani jasho ndilo linalonuka. Jasho likitoka mbichi karibu halina harufu. Tezi zilizoenea mwili mzima hutoa maji na chumvi, ya kupoza joto tu. Zile za kwapani na za kinenani hutoa jasho zito lenye mafuta na protini, na hilo ndilo wanalolila bakteria wanaoishi juu ya ngozi. Harufu ni mabaki ya karamu yao. Halafu ngozi yenyewe hubanduka. Kila siku mtu huacha nyuma yake mamilioni ya vigaga vidogo visivyoonekana, kila kigaga na mafuta yake na bakteria wake. Mbwa wa polisi anayefuata nyayo za mtu hafuati viatu peke yake, anafuata pia vigaga hivyo vilivyodondoka majanini. Na la tatu ni joto. Ngozi yako mara nyingi ina joto kuliko hewa inayoigusa, hata hapa Malindi, kwa hiyo hewa hiyo hupanda taratibu kutoka miguuni mpaka utosini, ikibeba vigaga na kuvimwaga juu ya kichwa chako. Hapo ndipo upepo unapovipokea. Ongeza pumzi, ambayo huwezi kuizuia.

Sasa mpime mtu anayeoga saa kumi na moja alfajiri kwa sabuni, akajisugua mpaka akang'aa. Ameondoa harufu ya jana. Ya leo inaanza anapofunga vifungo vya shati.

Upande wa pili kuna pua inayopokea. Wanasayansi wamehesabu aina za vipokezi vya harufu kwa kufuata jeni. Binadamu ana kama 400. Mbwa ana kama 800. Tembo wa Afrika ana karibu 2,000, na ndiye anayeongoza kati ya wanyama waliochunguzwa. Hesabu peke yake haisemi yote, lakini mkumbuke kwamba msitu wetu una tembo. Wanyama jamii ya kulungu na paa wana pua yenye unyevu inayonasa chembe za harufu, na maisha yao yote yameandikwa kwa harufu. Nendeni kwenye vichaka vikavu vya kuelekea mto Galana mkamtazame digidigi. Ana tundu jeusi mbele ya jicho, na humo mna tezi. Husogeza uso mpaka kwenye ncha ya kijiti, akakichomeka tunduni taratibu bila kujitoboa jicho, na akiondoka anaacha tone jeusi la kunata, dogo kama kichwa cha kiberiti. Ukilitazama kwa karibu utaona limekauka tabaka juu ya tabaka, kwa sababu amekuwa akirudi hapo hapo. Huo ndio mpaka wa shamba lake. Mnyama anayesoma tone kama lile hatashindwa kuwasoma ninyi.

Wamarekani walifanya nini? Walifanya kila kitu. Wanaoga kwa sabuni isiyo na manukato. Wanafua nguo za porini kwa bikaboneti ya jikoni, wanazianika nje, kisha wanazifungia kwenye sanduku la plastiki pamoja na majani ya mahali watakapowindia. Wanavaa gambuti za mpira badala ya viatu vya ngozi. Wanapanda dungu juu ya mti, mita tano au sita, ili harufu ipite juu ya kulungu badala ya kumpiga usoni. Mpaka hapo nawaheshimu. Dungu hata sisi tunalijua, ingawa letu ni la kulinda mahindi.

Kisha wakaja wafanyabiashara. Kuna suti zilizotiwa kaboni, zinazosemekana kunyonya harufu yote ya mvaaji, na bei yake ni mshahara wa watu. Kaboni hunyonya harufu kweli, hilo si uongo. Lakini kaboni ikishajaa imejaa, na kuisafisha kiwandani kunahitaji joto la mamia ya nyuzi, si joto la mashine ya kukaushia nguo nyumbani. Mwaka 2002 ulitolewa utafiti ambapo watu walijificha, wengine wakiwa wamevaa suti hizo, na mbwa waliofunzwa wakatumwa kuwatafuta. Suti haikuwaokoa. Kuna tena mashine za kutoa ozoni, unazitundika mtini juu ya kichwa chako. Ozoni ni gesi inayoumiza mapafu. Mtu anakwenda msituni kupata hewa safi, halafu anawasha mashine ya kuichafua!

Wengine wanajipaka harufu nyingine ya kufunika yao, kama mkojo wa mbweha, au mkojo wa kulungu unaouzwa kwenye chupa. Biashara hiyo imeingia matatani yenyewe. Kulungu wa kule wana ugonjwa wa ubongo unaoua polepole, ulioonekana kwanza Colorado mwaka 1967, na vijidudu vyake, kama ni sahihi kuviita vijidudu, maana ni protini zilizopinda, hutoka kwenye mate na mkojo na kukaa ardhini miaka. Ndiyo sababu majimbo kadhaa yamekataza mkojo huo wa chupa. Nalitaja kwa sababu kila mwaka huja kijana na wazo la kujipaka kinyesi cha ndovu. Mwanangu, ukijipaka kinyesi cha ndovu utanuka mtu aliyejipaka kinyesi cha ndovu. Pua ya mnyama haichanganyi harufu ikawa moja kama sisi tunavyosikia pilau. Inazitenga, bizari mbali na vitunguu mbali.

Baada ya fedha zote hizo, wawindaji wakongwe wa kule wanarudi palepale walipoanzia babu zao, kwenye upepo. Na hapa ndipo watu wa pwani tunapaswa kuona haya tukifundishwa na watu wa bara ya mbali. Nani katika ukumbi huu hana baba, mjomba au jirani wa baharini?

Nimekuja na kitu. Hii ni sufi, pamba ya msufi, nimeitoa kwenye mto wa nyumbani, na mama watoto hajui. Wawindaji wa Marekani hutumia pamba ya mbegu ya mmea wao, sisi tuna msufi. Tazameni. Naachia unyuzi mmoja. Unaona? Umekwenda juu, ukazunguka, ukanirudia usoni. Hiyo ni feni. Kijana, hebu tuzimie feni kidogo. Ahsante. Tusubiri ipoe. Haya, naachia mwingine. Umeshuka kidogo… sasa unakwenda. Unakwenda mlangoni, umepita karibu na bega la Mwenyekiti, umetoka. Kumbe humu ndani mna upepo, na hakuna hata mmoja wetu aliyeusikia kwenye ngozi. Mnyama aliyelala nje ya mlango ule sasa hivi anatujua idadi yetu.

Majivu kwenye kitambaa yanafaa pia, na vumbi, wazee walitumia. Ila majivu unayaona hatua mbili tatu tu, yanapotea. Sufi unaifuata kwa macho mpaka mbali, na utaona kitu ambacho kitakushangaza: upepo haunyooki. Ukiachia sufi kando ya msitu, inakwenda sawa mpaka ikikaribia miti, halafu inapinda, inashuka, inarudi nyuma. Penye uwazi katikati ya miti ya mirihi, inazunguka kabisa. Kwa hiyo mtu anayelowesha kidole mara moja langoni na kusema “upepo unatoka kule”, amejua upepo wa langoni tu.

Tuje kwetu. Msitu wa Arabuko-Sokoke una ukubwa wa kilomita za mraba zipatazo 420, ndio msitu mkubwa wa namna yake uliobaki katika pwani ya Afrika Mashariki, na wengi wetu tunauingia kutokea upande wa Gede, yaani mashariki, tukielekea machweo. Sasa fikirini. Usiku nchi kavu inapoa kuliko bahari, na kuelekea alfajiri huvuma umande, yaani upepo wa kutoka bara kwenda baharini. Ukiingia Gede saa kumi na mbili asubuhi, umande unakujia usoni. Wewe unanusa msitu, msitu haukunusi. Jua likipanda, ardhi inapata moto, na kufika saa tatu au saa nne upepo wa baharini umeanza. Sasa uko mgongoni kwako. Njia ni ile ile, mgeni ni yule yule, lakini harufu yake inamtangulia na kumtangaza. Waongozaji wengi wakirudi bila kuona kitu husema wanyama wamelala kwa sababu ya joto. Wengine wamelala kweli. Wengine waliondoka dakika kumi kabla yenu.

Miezi ya kusi kali mambo hubadilika, kwa sababu kusi ikishika kasi umande mara nyingi hauna nguvu ya kuishinda, na hata alfajiri upepo unatoka baharini. Siku hizo usilazimishe mlango wa Gede kwa sababu gari limezoea kusimama hapo. Zunguka, ukate msitu kwa ubavu, upepo ukupige shavuni. Si lazima ukujie usoni kila mara. Upepo wa ubavuni unatosha, maana harufu yako inakwenda pembeni na wewe unakwenda mbele. Mabaharia mnalijua hili, huwezi kwenda joshi, yaani kuukabili upepo, moja kwa moja, unabisha, kushoto kisha kulia. Dau la mnyonge haliendi joshi, ndivyo walivyosema, lakini mwongozaji hana budi kwenda joshi hivyo hivyo, kwa mguu.

Unyevu nao una lake. Asubuhi yenye umande majanini, au baada ya manyunyu, harufu hukaa chini na kudumu. Mahali ulipopita na kushika majani, wanyama watapasoma kwa saa nyingi. Jua la mchana huikausha na kuipandisha juu. Mvua kubwa huisafisha. Kwa hiyo usipite kwenye kidimbwi asubuhi “kuangalia tu kama kuna nyayo”, kisha jioni ukawaleta wageni wakae hapo wakitegemea kuona funo anakuja kunywa. Ulishamwachia barua. Na wanaosaidia watafiti kufunga kamera za mtego, zile zinazojipiga zenyewe mnyama akipita, vaeni glavu, fungeni kamera, ondokeni. Kamera nyingi zinarudi na picha za pua tupu, pua kubwa imejaa fremu nzima, kwa sababu mnyama kaja kunusa mkono uliofunga mkanda.

Sasa ndovu, na hapa naomba msicheke.

Mwaka 2007 watafiti walichapisha kazi waliyoifanya Amboseli. Walichukua nguo iliyovaliwa siku tano na mwanamume wa Kimaasai, nyingine iliyovaliwa hivyo hivyo na mwanamume wa Kikamba, na nyingine safi isiyovaliwa, wakaziweka ndovu wazinuse. Iliyovaliwa na Mmaasai iliwafanya waondoke kwa kasi zaidi, waende mbali zaidi, na wachukue muda mrefu zaidi kutulia. Sababu inajulikana: moran wakati mwingine huwachoma ndovu mikuki, na wakulima wa Kikamba hawana desturi hiyo. Maana yake ni kwamba ndovu hasemi tu “kuna mtu”. Anauliza ni mtu gani, na watu wa namna hiyo walinifanyia nini.

Tafakarini hilo kwa msitu wetu. Wazee wa Kiwaata waliwinda ndovu kwa upinde mkubwa na mshale wa sumu ya msunguti, na upinde huo ulihitaji wafike karibu mno. Hawakuwa na suti ya kaboni. Walikuwa na upepo, na subira ya kukaa siku nzima wakiusubiri ugeuke. Kisha Hifadhi ya Tsavo ikaundwa mwaka 1948, kampeni dhidi ya ujangili ya miaka ya 1950 ikawatia wengi wao jela, na elimu ile yote ya upepo ikaonekana elimu ya uhalifu. Mimi naona tulipoteza hazina. Walimu bora wa kozi hii walipaswa kuwa wao, na kama kuna mjukuu wao humu ndani, namwomba akirudi nyumbani amuulize babu kabla babu hajaondoka.

Kwa upande mwingine nendeni Gede, kwenye magofu. Kima wanakaa juu ya kuta za mji wa kale huku watoto wa shule wakipiga kelele chini yao, na sange wa kiuno cha dhahabu anachokonoa majani makavu kwa pua yake ndefu, hatua chache kutoka kwenye njia. Harufu ya binadamu imejaa hapo kutwa, na hakuna anayekimbia, kwa sababu mtu wa Gede hajawafanya kitu. Sange huyo huyo wa ndani ya msitu, kwenye njia wanakotega waya, akikusikia tu unaona ile dhahabu ikiruka mara moja na kwisha. Kulungu wanaoishi kando ya miji ya Marekani ni hivyo hivyo, wanakula maua uani kwa watu, ndugu zao wa porini wakihama bonde zima kwa pumzi moja ya mwindaji. Kwa hiyo shida si harufu peke yake. Shida ni harufu ya mtu mahali ambapo mtu hakutarajiwa, au ambapo mtu ana sifa mbaya. Waya wa mtego mnaoung'oa na kuukabidhi kwa askari unasaidia kazi yenu kuliko sabuni.

Nirudi kwa ndovu. Kuna nyakati utataka wakunuse. Ukiwa kwenye njia nyembamba ndani ya kichaka kizito, ambamo huoni hata hatua kumi, na umeona kinyesi kibichi kinachotoa moshi, hutaki kumkuta ndovu mwenye mtoto kwa ghafla. Hapo upepo wa mgongoni ni rafiki yako. Harufu yako inapiga hodi kabla yako, naye anapata nafasi ya kusogea kwa hiari yake. Nyati ni hivyo hivyo. Kwa hiyo sheria si “daima nenda dhidi ya upepo”. Mwongozaji ndiye anayeamua leo anabisha hodi au habishi, na anaamua kabla ya kuingia, akishirikiana na askari wa KWS, Shirika la Wanyamapori la Kenya, mwenye bunduki, si baada ya kusikia matawi yanavunjika. Mkishawaona kwa mbali, tazameni mikonga. Mkonga ukiinuka ukajipinda na ncha ikaelekea kwenu, mmeshajulikana, na darasa limekwisha. Rudini taratibu mlikotoka, kimya, pamoja. Msizunguke kwenda upande mwingine kutafuta picha nzuri. Nimewaona wageni wanaotoa pesa ya ziada ili wazungushwe. Wakatalieni kwa adabu, “samahani bwana, haiwezekani”, na mkianza kutembea watafuata.

Mambo madogo nayapita haraka. Sigara na miraa, acheni langoni. Samaki wa kukaanga kwenye begi, mle kabla au baadaye. Viatu vya msituni visiingie jikoni wala pampu ya petroli, maana nyayo zenye mafuta ya gari zinasomeka sana. Nguo za msituni zifuliwe kwa sabuni ya mche ya kawaida na zisuuzwe mara mbili, zikauke juani. Hizi poda za kufulia zenye picha ya maua kwenye pakiti, waachieni wenye harusi. Wanaokwenda kutafuta bundi wa Sokoke au ndege wengine wadogo hawahitaji mengi ya haya, ndege hao wanatumia macho na masikio. Ila hujui ukimtafuta bundi utamkuta nani njiani.

Na udi. Nilijua mtaniuliza. Mimi ni mtu wa hapa, kwetu mgeni akija chetezo kinatangulia chai, na kanzu isiyofukizwa ni kanzu iliyolala. Sitasema mtu aache udi. Nasema nguo ya msituni isitundikwe chumba kimoja na nguo iliyofukizwa, kwa sababu udi unahama, unakaa kwenye nyuzi wiki kadhaa, ndiyo sifa yake. Dada zangu wenye asumini nyweleni na kikuba, siku ya msitu kikuba kibaki nyumbani. Lakini niwe mkweli, mgeni wa kiume kutoka Ulaya aliyejimiminia marashi ya uwanja wa ndege anawashinda wote. Mwambieni jana yake, mnapopanga safari. Asubuhi langoni mmechelewa.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Nichukue maswali mawili.

Swali la kwanza, kutoka nyuma kule: je, siwafundishi majangili? Swali zuri, na limenisumbua. Jangili wa siku hizi msituni mwetu mara nyingi anatega waya. Waya hauna haja ya upepo, unafungwa leo na mwenyewe anarudi kesho kutwa. Na anayenyatia kwa mbwa na tochi hakungoja mzee aje Malindi kumwambia upepo unatoka wapi. Wasiojua upepo ni ninyi, mliotoka shule na vyeti vizuri.

Swali la pili, dada hapa: mafuta ya kufukuza mbu je? Yapakeni. Mbu wa malaria hana mzaha, na paa aliyekimbia utamwona wiki ijayo. Pakeni yasiyo na manukato mkiyapata, pakeni mikononi na miguuni si kwenye nguo, na mvae mikono mirefu ili yahitajike kidogo. Mkichagua kati ya harufu na homa, chagueni harufu, halafu mkae upande wa demani wa mnyama, upepo utoke kwake uje kwenu, kama kawaida.

Kesho tukutane lango la Gede saa kumi na mbili kasoro robo. Kila mtu aje na sufi, si pamba ya dukani, hiyo ni nzito. Tutagawanyika makundi mawili. Moja litaingia na umande usoni, na jingine litazungushwa kwa gari lianzie ndani, lije na upepo mgongoni. Kila kundi litaandika lilichokiona na saa lilipokiona, na tutalinganisha tukinywa chai. Atakayekuja na marashi nimeshamwandika kundi la pili.